Kioo Juu ya Ufa

Dada yangu,

Buti zangu zimeoza kwa maji, lakini mimi mzima. Wewe je, madaktari wanasemaje?

Tangu mafuriko yaje niko darajani, nalikagua. Nguzo ya kati ina ufa, nikaubandikia kipande cha kioo. Nguzo ikisogea hata kidogo, kioo kitapasuka. Kabla sijajiridhisha, havuki mtu.

Jana baba alikuja na mkoba wake, anataka kuvuka akuone huko hospitalini. “Mwanangu, mimi na lori wapi na wapi?” Nikamkatalia mbele za watu. Tangu hapo hanisemeshi.

Leo nimeshuka mara tisa kukitazama kile kioo. Kizima. Mungu anisamehe, dada, naomba kipasuke.

Mdogo wako mkaidi.