Mitaro kwenye Blanketi la Mwaitu

Jumatano, 6 Agosti

Nimeanua ndengu, nimefunga duka mapema, nimepiga pasi. Blanketi la Mwaitu, mama yangu, limekamilika upande wa juu. Bado kutia pamba katikati, kitambaa chini, na mishono ya kushika vyote vitatu pamoja. Hiyo siwezi. Vidole vyangu vimekataa kusukuma sindano kwenye unene huo. Kwa hivyo itabidi mashine. Kuna kijana pale Mukuyuni anaitwa Kyalo, ana ile mashine kubwa inayofuata mchoro yenyewe. Si mbali na nyumbani kwa Mwaitu.

Ibada ya shukrani ya Mwaitu ni tarehe ishirini na tatu. Kanisa zima litakuja, kuna hema, kuna kwaya. Mimi nataka tu mama yangu asilale na baridi.

Kila kipande nilichounganisha kwenye blanketi ni cha leso ya mwanamke wa mwethya yake, kile kikundi kilichochimba mitaro ya kuzuia maji kwenye kilima chetu nikiwa mtoto. Wote wamezikwa, amebaki yeye. Nimezunguka boma baada ya boma nikiomba leso za marehemu. Hakuna aliyeninyima.

Ijumaa, 8 Agosti

Mukuyuni. Kyalo ana heshima na mashine yake ni safi. Shida ni michoro. Amenifungulia simu yake nichague, nikapitia mpaka macho yakauma. Mawaridi. Mioyo. Mioyo ndani ya mawaridi. Vipepeo. Miti ya Krismasi yenye theluji, katika Makueni hii. Nimeuliza kama kuna kitu cha kwetu. Akasema wateja karibu wote huchukua mawaridi, yanajaza nafasi na yanaficha makosa.

Makosa gani? Nilikasirika lakini sikuonyesha. Mwaitu haoni. Macho yake yalizima mwaka juzi. Rangi zote nilizopanga, nyekundu kando ya bluu, njano katikati, hatazijua. Kitakachomfikia ni mshono chini ya vidole, basi. Ndiyo sababu siwezi kufunga macho nichague tu. Na sasa nimpe nini, vipepeo?

Nimeacha blanketi kwake. Nimemwambia angoje mchoro wangu na asiguse kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza mchoro. Katikati ya sadaka ukanijia: mitaro. Maisha yake yote yako kwenye ile mitaro. Ashonewe mitaro.

Nimechora mchana kwa rula ya mtoto wa jirani. Mistari mirefu kutoka upande hadi upande, imenyooka, nafasi sawasawa. Safi kabisa. Nikapiga picha nikamtumia Kyalo anishonee kwanza kipande cha majaribio. Halafu nikafanya ujinga, nikaituma pia kwenye grupu ya familia.

Jioni. Mama Brian, mke wa kaka yangu Mutua, amejibu kutoka Nairobi. Anasema mchoro wangu unafanana na daftari la shule. Ameweka picha ya mawaridi na kuomba watu wapige kura. Kura! Juu ya blanketi ambalo nimelishona kwa mkono tangu Krismasi. Watu ambao hawajawahi kutia uzi kwenye tundu la sindano wanainua vidole gumba. Hata binamu aliye Dubai. Hata Mutua, ndugu yangu wa tumbo moja, mawaridi.

Nimetoka kwenye grupu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeomba nirudishwe kwenye grupu. Lazima nijue wanasema nini.

Jumatano, 13 Agosti

Kyalo ameshona kipande cha majaribio. Nimekichukua nikapanda nacho kwa Mwaitu. Nikakiweka mkononi mwake, nikamwambia hii ni mitaro ya kilimani, aniambie anaionaje. Amepitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akakunja uso.

"Nani alishika kamba hapa?" akauliza. "Mvua moja tu, na hii shamba yote iko mtoni."

Nimekaa pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Kweli, hawakuchimba kwa kunyoosha. Mmoja alishika kamba huku, mwingine kule, na katikati kile kichupa cha kupimia usawa, chenye povu la hewa ndani. Yule wa mbali alipanda au kushuka mpaka povu litulie katikati, ndipo kijiti kikapigwa. Mtaro ulikwenda kilima kilikotaka. Ulipinda. Mahali penye mteremko mkali mitaro ilikaribiana, penye tambarare ikaachana. Nilikuwa nabeba vijiti mimi mwenyewe! Mtoto wa mkulima, nimechora mitaro kama barabara ya lami. Leo hasira yote ni juu yangu mwenyewe.

Nimeshuka hadi barabarani, nikasimama mkabala na kilima, nikachora mitaro jinsi ilivyo. Karatasi imechafuka lakini sasa ni yenyewe. Nimempitishia Kyalo nikirudi kwangu Kwa Vonza. Ameahidi kuanza Jumamosi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwandiko huu ni aibu, naandika na hasira.

Nimefika Mukuyuni nikamkuta Kyalo ameanza jana. Na mawaridi. Ua zima kwenye kona ya chini, limekaa juu ya leso ya Ndinda wa mwethya, kubwa, limefura. Nimemwambia azime mashine. Maskini alishtuka. Anasema Mama Brian alimpigia akamwambia ni mimi nimebadilisha nia, mimi mwenyewe.

Nikampigia pale pale mbele yake. Hakukana hata kidogo.

"Mama Ndanu, usikasirike bure," akaniambia. "Mama haoni. Sisi ndio tutaona. Na kuna watu wa picha, blanketi ni lazima itokee vizuri."

Sisi ndio tutaona! Blanketi la nani? Baridi ya nani? Nimemkatia simu kabla sijatoa neno ambalo kanisani hawalijui.

Nimekaa kwenye benchi la Kyalo nikafumua lile ua kwa ncha ya wembe, mshono kwa mshono. Uzi umetoka wote. Matundu yamebaki. Leso ni kuukuu, imefuliwa miaka na miaka, haina nguvu ya kujifunga tena. Nimeipangusa kwa maji, nimeipiga pasi, matundu yako palepale. Ndinda alikufa zamani na hiki ndicho kipande pekee watoto wake walikuwa nacho. Walinipa wakaniamini. Nimelia mbele ya kijana wa watu na sijali.

Kyalo akasema mtaro ukipita hapo juu matundu hayataonekana sana. Nikamwambia kuonekana si shida yangu. Mwaitu haoni, anagusa.

Jumatatu, 18 Agosti

Mutua amepiga simu. Anasema mke wake alikuwa na nia nzuri. Nimemwambia akawe na nia nzuri na mablanketi yake. Mama Brian ametuma ujumbe mrefu wenye mstari wa Biblia kuhusu kusameheana. Msamaha sijaombwa, nimetumiwa tu mstari.

Kyalo ameshona mchana kutwa nikiwa kando yake. Sindano inapinda pale kilima kinapopinda. Ni nzuri mpaka nimesahau kula. Kwenye grupu siwaambii.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama Brian amefika nyumbani kwa Mwaitu na keki, sare za kina mama na mpiga picha. Ameliangalia blanketi akasema ni tofauti. Tofauti. Nimemmiminia chai. Sijui ni kwa nini mimi humiminia watu chai.

Jumamosi, 23 Agosti

Hema limeshushwa. Kwaya imeenda. Picha zilipigwa, Mwaitu kwenye kiti na blanketi magotini, mchungaji upande huu, mwenyekiti wa kina mama upande ule.

Jioni nikamlaza. Nikamfunika, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaanza mwenyewe, kwa kidole, juu kabisa. Alifuata mtaro mpaka mwisho, akashuka, akarudi na wa pili. Kisha akaanza majina. Kalekye. Wayua. Mbinya. Kama walivyopangana siku ya kuchimba, kila mtu na sehemu yake. Mimi nilikuwa nimeshona leso zao kwa kufuata rangi tu, Wayua yuko mbali kabisa na Mbinya. Sikumsahihisha.

Mama Brian alipita mlangoni na sahani, akasimama.

Kidole kikashuka mpaka kona ya chini. Kikafika kwenye matundu. Kikasimama, kikarudi nyuma, kikapapasa. Nilimwangalia Mama Brian na yeye akaangalia chini. Alijua ni pale waridi lake lilipokuwa. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga wiki nzima.

"Hapa palibomoka," Mwaitu akasema. "Mvua ilitubomolea usiku mmoja. Tulirudi tukajenga tena. Ndinda alilia siku hiyo kama mtoto."

Akacheka kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kile kipande ni cha nani. Kidole kikaendelea.

Mama Brian ameweka sahani chini. Ameuliza, kwa sauti ndogo, Ndinda alikuwa nani. Mwaitu akamwambia alete mkono. Akaushika, akaupeleka juu kabisa kwenye mtaro wa kwanza, na wakaanza tena kwa Kalekye.

Bado nimemkasirikia. Nilisogea nikampa nafasi akae.