Kaka Yangu Yuko Juu ya Mto, Mume Wangu Yuko Chini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijarudisha muhuri wa kamati na kujifungia ndani, maana nimechoka hadi mtu akinisalimia naona analeta kesi nyingine.

Nilizaliwa juu ya mto nikaolewa chini, na ndiyo sababu walinichagua mwenyekiti wa kamati ya mto, wakasema huyu ana miguu pande zote, hatapendelea, nami nikafurahi, kumbe mwenye miguu pande zote ndiye anayechanika. Kiangazi hiki tulianza vizuri, tukakaa watu wa juu, wafyatua matofali wa katikati na sisi wa chini wa mabombani, tukapanga zamu za kuwasha pampu, na kila mtu akaheshimu zamu yake, nasema kweli, lakini maji hayakufika, bomba la kwangu likawa linakohoa hewa tu, mama mkwe akawa anakwenda foleni na ndoo na lile goti lake bovu, akirudi anaitua ndoo miguuni pangu kwa kishindo.

Basi kamati nzima tukapanda kwa miguu kuufuata mto hadi kwenye chanzo, na huko tukakuta lile eneo la matete, lile chepechepe ambalo tangu utoto wetu halijawahi kukauka, limefyekwa, limechimbwa mitaro ya kukausha tope, limepandwa kabichi, na aliyesimama katikati na jembe ni kaka yangu wa tumbo moja. Hakukimbia. Aliniambia, "Dada, pampu nimezima kama mlivyosema. Hapa sijachukua maji ya mtu, nimelima tope." Na ni kweli hakuvunja neno hata moja la makubaliano, kwa sababu sisi tulizungumzia pampu tu, hakuna aliyefikiri kwamba lile tope ndilo linalotunza maji ya masika na kutuachia kidogo kidogo wakati wa jua.

Sasa kamati inataka nitie sahihi kaka apelekwe mahakamani. Nilipositasita mweka hazina akaniambia mbele ya watu, "Mwenyekiti, kwako damu ni nzito kuliko maji yetu." Kaka naye kasema nikitia sahihi nisikanyage tena kwa mama. Mume wangu ananiambia mpeleke huyo shemeji akafunzwe adabu, huku yeye mwenyewe anatuma lori kwenda kuchukua kabichi za huyo huyo kaka, maana anauza mboga kwa jumla na wakati wa jua hana pengine pa kuzipata, nikimuuliza anasema biashara ni biashara, usichanganye mambo. Mshauri, nimshike nani nimwache nani, au nijiuzulu tu nipumzike?

Mwenyekiti Aliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Pole, dada. Pole ya kweli, si ya mdomoni. Sasa nivumilie, maana nitakukemea kidogo.

Barua nzima umemlilia kaka, na lori la mumeo umelipitisha mlango wa nyuma, mwishoni, kana kwamba ni mambo ya chumbani. Kaka yako hakufyeka matete ili akukomoe. Alifyeka kwa sababu kuna mtu anamnunulia kabichi wakati wa jua, na mtu huyo mnalala kitanda kimoja. Watu wa chini mnalilia maji huku mnayala kwenye sahani. Mfunge kaka yako leo, kesho lori litasimama kwa jirani yake.

Kwa hiyo usitie sahihi. Na usiongoze kikao cha kumjadili ndugu yako pia. Siku hiyo makamu akalie kiti, wewe ukae na ndugu zako kama dada, tuone mweka hazina atasema nini. Lakini kabla ya kikao pandeni tena huko juu, safari hii na wale mliowasahau: mumeo na wauza mboga wenzake. Wasimame kwenye hiyo mitaro, wasikie kutoka kwa kaka yako kwa nini aliichimba. Mkae hapo hapo. Kaka afukie mitaro, aache matete yaote, alime pembeni pakavu. Wanunuzi nao watamke mbele ya wote kwamba mboga ya kwenye chepechepe hawaigusi, na ya pembeni watainunua kwanza, hata ikiwa kiduchu. Mmoja akikataa, mengine yote ni porojo.

Usiwaahidi maji. Matete hayaoti kwa sababu watu wamepatana, na huenda hata kiangazi kijacho kitakuwa kigumu. Waambie mapema.

Kujiuzulu una haki, ila ukiondoka sasa watasema umekimbia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana wote wanafurahi uubebe wewe. Ugawe. Huyo mweka hazina mwenye ulimi apewe kazi ya kusimamia zamu za wafyatua matofali. Mumeo abebe ndoo ya mama yake kuanzia leo. Akishapanga foleni mara kadhaa mtazungumza vizuri zaidi.

Na kwa mama yako mzazi nenda wiki hii, usingoje kukaribishwa wala kukatazwa. Mto usiutaje. Kula atakachokupa, kisha ulale mchana kitandani kwake hadi akuamshe mwenyewe.