Mama Mkwe Aliandika "Paka Mafuta"

Mpendwa Shangazi, nijibu upesi kwa sababu mama mkwe anarudi Jumamosi, amekwenda kumwangalia wifi yangu aliyejifungua akatuachia nyumba pamoja na paka wake, Afande, ambaye marehemu baba mkwe alimleta akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, na tangu msiba ule mama huongea na paka huyo kuliko anavyoongea na sisi. Kwenye jokofu alibandika kikaratasi: "Kuku pumba asubuhi. Maua maji jioni. Mlango wa nyuma unalia. Paka mafuta kila siku mpaka nirudi." Basi nikatii, mimi mkwe mgeni sitaki maneno, kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini kwenye ukarani wangu nikawa nammiminia mafuta yaliyobaki kikaangoni, yale ya nyama, na vitunguu vyake na chumvi yake, nikajiambia labda ndiyo siri ya manyoya yake kung'aa, naye akalamba mpaka sahani ikatakata. Siku ya nne akaanza kutapika. Tangu jana hajala, amejikunyata chini ya kiti cha marehemu, namwita hageuki. Mume wangu anasema, "Si mama mwenyewe kaandika? Endelea tu." Nimepunguza hadi kijiko kimoja, bado anatapika. Nimpe mafuta gani yasiyomdhuru? Akifa huyu, Shangazi, uso wangu nitauweka wapi?

Mkwe Mgeni

Mkwe Mgeni, pole, ila weka hicho kijiko chini. Kutwa unasoma mafaili ya watu, kikaratasi cha mistari minne kimekushinda! Kisome tena kwa sauti: "Mlango wa nyuma unalia. Paka mafuta." Anayelia ni nani hapo? Mama alitaka bawaba zipakwe, wewe ukamlisha Afande. Nilicheka, sikufichi, mpaka nilipofika kwenye kutapika.

Paka anayetapika na hajala siku nzima hangoji Jumamosi. Kama hujampeleka kwa daktari wa mifugo, funga gazeti uende sasa hivi, na umweleze yote, hasa vitunguu, maana hata vikipikwa huharibu damu ya paka, na mafuta mengi huumiza kongosho. Usimpe dawa za watu. Unauliza mafuta gani? Hayapo. Akipona, ukitaka kumfurahisha, kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa bila chumvi wala viungo kinatosha. Ya kikaangoni yaache yagande, yafute kwa karatasi, tupa kwenye pipa lenye kifuniko, kwa sababu utamu wake ameshaujua.

Halafu mpigie mama mkwe leo, wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Atafoka, mwache afoke. Kama ni kumuuguza Afande au kumuaga, mwenye haki hiyo ni yeye, usimnyang'anye kwa woga wako.

Mumeo, bingwa wa "endelea tu", mpe chupa ya mafuta. Mlango bado unalia.