Mkeka wa Ukutani

Jumatatu, 3 Juni
Nimefagia, nimetandika mikeka minane. Ndiyo kazi yangu mpaka maonyesho yaishe. Wasanii wa Dar wamejenga kibanda cha dago humu ghalani, lililokuwa ghala la korosho, hapa Kibiti. Dago ni kambi wanakolala watu wa mbali wanaokwenda kukata mikoko deltani. Fito, makuti, chemli, vyandarua vilivyotoboka. Mgeni anavua viatu, anajilaza, anasikia mikoromo na mbu kwenye spika. Wengine wanatoka wanalia. Kaka yangu Saidi kalala huko kweli. Mwaka wa pili huu hajarudi, wala simu. Mimi sijilazi ng'o.

Mkeka wa ukutani nimeukuta umekunjwa, umesimamishwa. Nani kaingia? Ufunguo ninao mimi.

Jumanne, 4 Juni
Umekunjwa tena. Nimeutandika kwa hasira.

Jumatano, 5 Juni
Umekunjwa. Leo nimeutazama vizuri. Katika tepe za miyaa zilizosukwa, ukili wa tatu ni zambarau mpaka katikati, halafu kijani. Mkono wa Mama huu. Rangi niliimwaga mimi, akanisema kutwa nzima, akamalizia kijani. Alimsukia Saidi. Na Saidi hakuacha mkeka wazi hata siku moja. Mama ndivyo alivyotufundisha: ukiuacha, shetani anajilaza.

Naogopa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwuliza Neema, msanii aliyeinunua mikeka Kiongoroni, kule deltani. Kasema huo alipewa bure na mkubwa wa dago. Mwenye mkeka alikwenda kukata mikoko masika ya mwaka jana, maji yakajaa, hakuonekana tena. Hakuna aliyetaka kuulalia. Neema kaona ni habari nzuri ya kubandika mlangoni. Nilitaka kumzaba kofi.

Mjomba anataka Saidi asomewe hitma kama marehemu, wifi, mkewe, akae eda. Mama kakataa. Hajaletewa hata kitambaa cha mwanawe, amsomee nani? Sasa kitu kipo. Nikimwambia, nimemuua Saidi kwa mdomo wangu. Nisipomwambia, wageni wataendelea kumlalia na soksi zao.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempeleka Mama ghalani kabla ya kufungua. Hakulia. Kapapasa ukili wa tatu. Kajilaza ubavu, ukingoni, akaacha nafasi. Spika zilikuwa zimezimwa. Nilisikia mtu anavuta pumzi taratibu, na si Mama. Astaghfirullah, nilisikia.

"Sogea, baba," Mama akasema.

Kisha akainuka, akaukunja mkeka, akajitwika. "Mwambie mjomba wako wasome."

Neema alitupisha mlangoni.

Jumatatu, 10 Juni
Hitma imesomwa jana. Pilau lilitosha. Wifi kaanza eda.

Ghalani mikeka saba, yote wazi kama nilivyoiacha. Nilitegemea niukute mmoja umekunjwa. Nimelia na fagio mkononi.

Mkeka Mama kautandika chumbani kwake, chini, kando ya kitanda. Leo asubuhi nilipompelekea chai, ulikuwa umekunjwa, umesimama ukutani. Mama alikuwa bado amelala.

Nikarudi jikoni kuchukua kikombe cha pili.