Thurlow na jina lililokwanguliwa

Hazel, Thurlow amenipiga. Dokta Thurlow, yule msomaji wa meza ya dirishani hapa maktaba. Nimeshonwa nyuzi nne juu ya jicho. Wanangu wasijue kwanza.

Alirudisha kile kitabu cha zaburi cha watawa, kilichoandikwa kwa mkono kwenye ngozi miaka mia sita iliyopita. Unajua sipokei kitu kabla sijalinganisha kila ukurasa na nakala yetu ya picha ya mwaka 1911. Kwenye picha kuna jina la mwandishi pembeni, jina la mwanamke. Kwenye ngozi hakuna. Pamekwanguliwa, unga wa ngozi bado mweupe.

"Dokta, jina limekwenda wapi?"

"Halikuwepo, mama. Hilo ni doa la picha."

Na kitabu kizima alichokitunga yeye juu ya zaburi hiyo kinasema mwandishi alikuwa mwanamume.

Nikashika simu. Akanyakua ule mkufu mzito wa madini ya risasi tunaolazia kurasa zisijifunge, akanitandika usoni. Mara mbili, Hazel. Usoni. Kisha akairarua nakala vipande vipande. "Haya, thibitisha sasa."

Damu inanichuruzika mdomoni, nikamwambia, "Nakala hizo zilichapwa mia mbili, mpumbavu wewe."

Akakaa chini. Polisi walimkuta bado amekaa, ameshika vipande.