Maneno ya Mama na Wagothi wa Padri Kiema

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua. Tangu alfajiri haijapumua. Mtaa wetu wa Tena wote ni matope, nimetembea na gambuti mpaka stejini, viatu vya ofisi ndani ya mfuko wa nailoni.

Kazi mpya imeingia. Padri Kiema — kijana bado, Mkamba wa Mwala, mpole, mwandiko wake kama kuku amekwaruza — ameleta tasnifu yake nimtaipie. Kurasa mia mbili na kitu, Kiingereza kitupu, anaitaka kabla ya Krismasi. Habari za Wagothi. Nikamuuliza hao ni kina nani. Akasema ni watu walioingia Roma kwa nguvu, wakatawala huku na huku, halafu wakapotea. Wamepoteaje watu wazima na majeshi yao? Akacheka. Akasema taipu tu, Bi Abrar, utawaona.

Mama leo ameongea sana. Bado ile lugha. Wiki ya nne hii toka kiharusi kimpige, na Kiswahili hakijarudi hata salamu. Daktari alisema maneno yatarudi polepole. Yamerudi! Lakini si ya Kiswahili. Ni ya kwao, ya utotoni, kule bara ya Lamu, watu wa kurina asali na kuwinda, watu wachache ambao hata karani wa sensa alituandika tu "Waswahili" akaenda zake. Nyumba hii hakuna anayeijua. Mimi sijui. Ndugu yangu Junaid hajui. Baba aliijua kidogo, naye yuko chini ya udongo.

Kuna sentensi moja anairudia. Asubuhi, mchana, nikimlaza. Ileile. Ananishika kwa ule mkono wake mzima na kunikazia macho. Anataka kitu. Nini, Mama? Maji? Si maji. Choo? Si choo. Blanketi? Anafumba macho, amechoka na mimi.

Sijui. Ya Rabi, sijui.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinya amenuna. Huyu ndiye jirani wa chini, mwenye duka, anayemkalia Mama nikiwa kazini na hataki hata nimshukuru. Leo nimerudi ananingoja ngazini, mikono kiunoni. Aiya, Abrar, mamako nimemkosea nini? Nikimlisha uji ananifyonya. Kila neno, kufyonya!

Nikamweleza si kufyonya. Ndiyo lugha yenyewe, ina kidoko ndani yake, ulimi unagonga kwenye meno, ni sauti kama sauti nyingine. Akanitazama sana. Akasema basi kwenu mtu anaweza kutukanwa siku nzima na asijue. Tukacheka mpaka Mama naye akacheka, upande mmoja wa mdomo.

Kisha nimejifungia jikoni nikalia.

Maana hicho kidoko nakijua. Nilikuwa darasa la tatu, tukikaa Makadara. Mama alikuja getini kuniletea sweta, akaniita kwa lugha yake, kama tulivyozoea nyumbani. Watoto wakashika: mama yake Abrar anaita punda! Anaita punda! Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mbele yao: nyamaza, unaniaibisha. Akanivalisha sweta. Akasema, haya mwanangu — kwa Kiswahili. Tangu siku ile sikumsikia tena akiisema lugha yake. Miaka thelathini! Mtu mzima alimtii mtoto wa miaka tisa. Na yale machache niliyokuwa nayajua nikayaacha yaende, nikafurahi yakienda.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefika sura ya pili. Wagothi wako ukingoni mwa mto mkubwa, Danube. Nyuma yao adui, mbele maji. Warumi wakawaruhusu kuvuka, wakawaahidi ardhi na chakula. Halafu wakubwa wa Kirumi wakakikalia kile chakula! Njaa ikawabana wale watu mpaka wakawa wanatoa mtoto mmoja kuwa mtumwa ili wapewe mbwa mmoja wa kula. Mbwa! Nimekosea sentensi hiyo mara mbili, nikaifuta mara mbili. Padri alipokuja kuchukua kurasa nikamuuliza hii ni kweli au ni chuki? Akasema imeandikwa na mwanahistoria wa upande wa Warumi wenyewe. Nikasema basi Roma ilijitakia.

Junaid amepiga simu dukani kwa Mbinya, kutoka Malindi. Lori lake limekwama huko na mzigo wa watu. Nikamwambia, Junaid, nenda Witu. Mzee Abdurahim yuko Witu, binamu yake Mama, walikua pamoja kule kwao. Ndiye pekee tunayemjua wa upande ule ambaye bado yu hai. Mlete, au mpate kwenye simu, nijue Mama anataka nini.

Akasema, sis, hujui hali ya huku. Mto Tana umeacha njia yake, barabara hakuna, ni maji tu na mapaa ya nyumba. Hii Elinino si mchezo. Nikamwambia jaribu.  Akasema, ameuliza tena? Nikasema kila siku. Akasema poa, nitacheki.

Jumanne, 18 Novemba

Leo kwenye kurasa za Padri nimekutana na Wulfila, askofu wa Wagothi. Lugha yao ilikuwa haina Biblia, haina hata herufi za kuiandikia. Akakaa akawatengenezea herufi — nyingine za Wayunani, nyingine za kwao — kisha akatafsiri Maandiko. Lakini Vitabu vya Wafalme akaviruka! Mle ni vita juu ya vita, na Wagothi walikuwa hawahitaji kuchochewa. Nimecheka peke yangu mpaka msimamizi akanyanyua kichwa.

Ikanijia. Kama yeye aliweza, mimi mtaipisti nashindwa na nini?

Saa ya chakula nimebaki mezani. Nimetaipu yote niliyokuwa nimeyanasa kwa sikio: maneno kumi na tisa na ile sentensi. Kidoko hakina kitufe kwenye mashine, nimekiwekea nyota. Karatasi nzima imejaa nyota. Maana za maneno ninazijua mbili tu. Moja ni maji, kwa sababu akipewa ananyamaza. Nyingine ni hapana. Hiyo nimeisikia vya kutosha.

Nimerudi nikamsomea. Mama alinitazama kama nimeota pembe. Kisha akanirekebisha! Neno la tatu. Akalisema polepole, akangoja nirudie. Nikarudia. Akapiga kidoko, akanionyesha ulimi unapokaa. Nikarudia tena. Tumefanya hivyo mpaka uji umepoa. Nimefurahi na nimeumia pamoja, kwa sababu sasa nayasema vizuri kabisa na sijui nasema nini.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuna simu. Mvua. Gari la kampeni limepita na vipaza sauti, limekwama kwenye dimbwi, likaendelea kutuahidi palepale. Mama hali chakula. Vijiko vitatu tu.

Jumatano, 26 Novemba

Simu! Junaid yuko Witu! Amevushwa kwa mtumbwi, akatembea, akapanda trekta, akatembea tena. Amempata Mzee Abdurahim. Mzee hawezi kuletwa Nairobi, miguu imevimba, na mtumbwi ule, Junaid anasema, hata yeye alivuka akisoma Ayatul Kursiy. Lakini kuna simu kwenye zahanati. Kesho saa kumi jioni.

Nimemwambia Mama. Nimemtajia, Abdurahim, Abdurahim. Sijui kama ameelewa. Nimemchana nywele, nimemtolea kanga ya pea mpya.

Alhamisi, 27 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Tulimshusha Mama dukani akiwa juu ya kiti cha plastiki, mimi nyuma, Ngigi fundi mbao mbele, Mbinya na mwavuli ingawa ngazi zina paa. Mbinya alifunga duka, akafukuza wateja wote, akafuta simu kwa leso kana kwamba Mama atakaa juu yake. Saa kumi. Kumi na robo. Kumi na nusu. Ikalia.

Nilisikia sauti ya mzee, ndogo, mbali: Kibibi? Nikamwekea Mama sikioni.

Na Mama akaongea! Si sentensi moja. Alimwagika. Alicheka, alilalamika, alishusha sauti akasema kitu cha siri mbele yetu sote, alipiga vidoko mpaka Mbinya akashika mdomo. Dakika tano au sita. Kisha ile sentensi, polepole, kama ninavyoijua. Akanyamaza kusubiri jibu.

Akasubiri. Nikaona uso wake unabadilika. Nikachukua mkono wa simu.

Mzee Abdurahim alikuwa analia. Akasema, mwanangu, ni yetu hiyo. Sauti naijua, ni kama mama yangu ameingia humu ndani. Lakini maneno yamenitoka. Nilitoka kule nina miaka kumi na miwili, nikaenda kulima mashamba ya watu, ni Kiswahili tu mpaka leo. Nikamwambia, mzee, hata ile ya mwisho? Ile sentensi tu! Akasema, ile ya mwisho, mwanzo wake si neno, ni jina. Ni jina la dada yake mkubwa. Alikufa zamani, wewe hujazaliwa. Kibibi anamwomba dada yake jambo. Jambo gani, mwanangu, sikushika.

Nikauliza, hakuna mwingine? Akasema alikuwepo bibi mmoja ng'ambo ya maji, akijua. Sasa hata ile ng'ambo yenyewe hatuioni.

Simu ikakatika. Mbinya akasema anapiga tena, ngoja atapiga tena. Hakupiga.

Tulimpandisha Mama. Alikuwa ameukumbatia mkoba wangu, hataki kunitazama.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimefanya kazi nusu siku. Sura ya mwisho ya Padri.

Wagothi waliketi kwenye viti vya wafalme Italia, wakakaa Hispania miaka na miaka. Wana, wajukuu, vitukuu, wakasema lugha ya majirani. Kimebaki kitabu kimoja cha lugha yao, kizuri mno, ngozi ya zambarau na wino wa fedha, kipo Uswidi. Na jina lao limebaki kwenye makanisa yenye madirisha ya ncha, yanayoitwa ya Kigothi — ambayo hata hawakuyajenga wao! Watu wa Italia walilitoa kama tusi, wakimaanisha ujenzi wa kishenzi.

Halafu hii. Miaka mia nne na zaidi iliyopita, balozi mmoja akiwa Istanbul akasikia kuna Wagothi bado, huko Krimea. Akatafutiwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mgothi hasa, kwa sura na urefu, ila lugha ameisahau. Wa pili alikuwa Myunani, ila lugha alijifunza kwa kukaa nao. Balozi akaandika maneno kama themanini kutoka kwa huyo wa pili. Basi.

Nimesimamisha mashine. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua bila kitu kichwani.

Padri alipokuja nikamwambia habari ya simu. Hakunihubiria, namshukuru. Aliuliza, una maneno mangapi sasa, Bi Abrar? Nikasema ishirini na sita. Akavua miwani akaifuta. Akasema tuyapeleke chuo kikuu, kuna wataalamu wa lugha, watafurahi sana. Nikajibu kwa hasira, na sikutaka: Padri, mimi sitaki mtu afurahi. Nataka kujua mamangu anaomba nini. Akasema najua. Akasema hilo hata wao hawataweza.

Jumatatu, 1 Desemba

Sikwenda kazini. Mbinya amepiga simu ofisini kwa niaba yangu, amewaambia naumwa.

Mama hajala tangu jana. Sauti imekuwa nyembamba, lakini sentensi ni ileile, na lile jina mbele. Sasa nalisikia wazi, siwezi tena kutolisikia. Si mimi ninayeombwa. Siku zote hizi si mimi! Anamwomba dada yake, na dada yake hayupo, na mimi nimekaa kwenye nafasi yake nimetoa macho tu.

Saa tano hivi ameita tena. Jina, kisha ombi. Mkono umenikamata, una nguvu huo, sijui anazitoa wapi. Nikachoka. Nimechoka kumwambia sijui, Mama, sijui, na hata hilo "sijui" halielewi. Nikalisema lile jina, na kidoko chake mahali pake, kumwonyesha ni mimi, nipo. Na nikatikisa kichwa: ndiyo. Ndiyo, nitafanya.

Amefurahi! Sijamwona hivi toka augue. Ameniachia mkono. Amesema neno fupi ambalo sina kwenye karatasi, labda asante, labda haraka. Akaegemea mto, akaniangalia, akatulia kabisa.

Nami nikakaa.

Dakika zikapita. Bado ananiangalia. Nikampa maji, akageuza uso. Nikamfunika, akafunua. Nikashika sufuria, nikashika Msahafu, nikafungua dirisha. Kila nikigusa kitu ananifuata kwa macho, na kila nikikiacha ile furaha inapungua kidogo. Mbinya amekuja na uji, akauliza vipi?  Nimemwambia nimetoa ahadi. Akauliza ya nini? Akaona uso wangu, akaweka uji chini, akashuka.

Sasa Mama ameunyanyua mkono. Ananionyesha mlango. Nenda. Hasira kidogo, kama mtu aliyetuma mtoto na mtoto anazubaa. Nimechukua buibui langu msumarini na uso wake wote umefunguka tena. Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo hivyo.

Naandika nimesimama, daftari kwenye ukuta, mkono mwingine kwenye kitasa. Ananitazama niende. Niende wapi?