Jina Langu Kwenye Redio

Mangobo, Jumatano jioni

Na nilimwambia waziwazi yule mtangazaji! "Papa, sema Mama Furaha wa sabuni. Watu wananijua hivyo." Akacheka. Eti mtu wa biashara lazima awe na jina kamili. Bon, akatangaza: "Madame Bolumbu Véronique, sabuni safi ya mawese, Mangobo."

Leo alifika mama mmoja kutoka Bengamisa, anataka sabuni za kwenda kuuza kwao. Alisikia redio. Akaniulizia kwa jina hilo kwa jirani yangu, Mama Chantal. Lakini vita hivi vimetufundisha: anayetafuta mtu kwa jina la kitambulisho ametumwa na askari. Donc Mama Chantal akamjibu, "Huyo mutu hatumujue. Haiko hapa." Mama wa watu akarudi na kikapu kitupu.

Na mimi niko nyuma ya nyumba, nakoroga sabuni!

Baadaye Mama Chantal akaja mbio, akanisimulia yote, anacheka: "Mama Furaha, leo nimekuokoa!"

Nilitaka kumfokea. Lakini askari walipokuja kumtafuta mume wangu kwa majina yake yote, ni yeye aliyewajibu maneno hayo hayo. Mume wangu yuko hai. Nikamkatia kipande cha sabuni, nikamshukuru.

Hasira yote nimemwekea yule bwana wa redio. Jina kamili, jina kamili! Yeye mwenyewe hewani anajiita Tonton Bonheur. Jina lake la kitambulisho, nani katika mji huu amewahi kulisikia?